Alama Iliyogeuka Baada ya Alasiri

Risala ya wanafunzi wa Kidato cha Pili B, Skuli ya Sekondari Mpapaini, kwa mgeni rasmi, Mwalimu Zahran Himid, Mwenyekiti wa Jopo la Mitihani, katika uzinduzi wa chumba cha masomo ya video. Inasomwa na Wanu Mudrik.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mwalimu Zahran; Mwalimu Mkuu wetu, Bi Bashira; walimu; wazee wetu mliopata kivuli na wazee wetu mliokikosa: assalaam alaykum, na kwa wakubwa wote, shikamooni.

Mgeni rasmi, karibu Mpapaini. Mtu akifika mahali kwa mara ya kwanza hutazama huku na huku, hutajiwa majina asiyoyashika, na hukalishwa kiti ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Wewe leo yamekupata yote hayo, na kiti tunakiombea radhi. Lakini kwetu sisi wewe si mgeni hata kidogo. Tumekaa nawe karibu miaka miwili. Tunakijua kikohozi chako kinachokuja kabla hujaandika alama ya sawasawa. Tunalijua shati lako la buluu ambalo kifungo chake cha pili hakifanani na vyenzake. Tunajua kwamba ukifurahi unagonga chaki kwenye kiganja mpaka inavunjika, na ukituona tuna pupa unasema, "Jibu halina miguu, halikimbii." Wewe ndiye usiyetujua sisi, na hilo si kosa lako, maana televisheni haina dirisha la upande wa pili.

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya msomaji. Hapa Mpapaini tuna mila yetu: msoma risala haongezi neno wala hapunguzi. Huchaguliwa na darasa, na hula kiapo mbele ya darasa. Mwenzetu Wanu alikula kiapo hicho kabla hajajua tutaandika nini. Humu ndani atajisoma mwenyewe kama anayesoma habari za mtu mwingine, na zipo sehemu hatazipenda. Ukimwona anasita, usidhani hajui kusoma. Anatushinda sote kwa kusoma, ndiyo moja ya sababu tulizomchagulia. Sababu nyingine zinakuja.

Tunamshukuru pia Mwalimu Mkuu kwa kuipitia risala hii. Alisema ina pilipili nyingi, akaipunguza kwa mkono wake. Aliipunguza katika kurasa tulizompa.

HISTORIA FUPI YA MWALIMU ASIYEKUWEPO

Tulipokuwa Kidato cha Kwanza, mwalimu wetu wa hisabati alihamishiwa Pemba. Tulimsindikiza kwa maandazi na machozi. Tukaambiwa mwingine yuko njiani. Njia hiyo hatujui inapita wapi, maana mpaka leo hajafika.

Bi Bashira akaona hawezi kukaa akitutazama tunaota majani. Akaleta televisheni ya nyumbani kwake, na tangu siku hiyo mume wake anatazama mpira kwa jirani. Akaleta na flashi yenye masomo yako, yale uliyoyarekodi miaka ile skuli zilipofungwa kwa ajili ya maradhi: wewe peke yako katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe, dirisha la mbao ubavuni, ubao mweusi nyuma yako, unawafundisha wanafunzi ambao hawapo. Sisi ndio wale ambao hawakuwepo.

Siku ya kwanza ulipotokea kwenye kioo tulisimama wote, kama tulivyolelewa, tukasema, "Shikamoo, Mwalimu!" Wewe ukasema, "Haya, fungueni madaftari." Darasa likanuna.

"Hakuitika marahaba," alisema Bahiya.

"Karekodi kabla hajatuona," Wanu akamjibu. "Angetuona, angeitika."

Tangu hapo tukaweka utaratibu. Kila somo tunasimama, tunakuamkia, na mwenzetu Tahir, anayeshika rimoti, anaitika kwa niaba yako: "Marahaba, kaeni." Amekuiga mpaka kikohozi. Cheo chake ni Waziri wa Rimoti, na tunakiri kwamba madaraka yalimlevya kidogo. Wakati wa mapumziko alikuwa akikusimamisha kinywa wazi. Mara nyingine alikupeleka mbio, ukawa unaandika na kufuta kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. Kwa hayo tunaomba radhi. Lakini alikuwa pia akikurudisha nyuma kila mmoja wetu alipokuwa hajaelewa, na wewe ukarudia na kurudia bila kukunja uso. Katika walimu wote tuliowahi kuwa nao, hakuna aliyetuvumilia hivyo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, elimu yako haikubaki darasani. Imeingia majumbani, na kwa baadhi ya nyumba imeleta taabu.

Baada ya somo lako la mlinganyo wa mkondo wa umeme, Kheir alipiga hesabu ya soketi moja ya jikoni kwao iliyobeba friji, pasi na birika kwa pamoja. Alipopata jibu alichomoa vyote. Bibi yake alimfukuza kwa ufagio, lakini fundi alipokuja akasema mtoto ana haki. Sasa nyumba ile inapiga pasi kwa zamu.

Bahiya naye alisikia somo la mlinganyo wa msongamano: uzito ukiugawa kwa ujazo, kila madini yana jibu lake. Akaichukua pete ya posa ya dada yake, akaenda nayo kwa sonara kuipima, akairudisha nyumbani kuizamisha kwenye bilauri ya maji. Jibu lilikuwa la shaba. Harusi ilisogezwa mbele mpaka ikapatikana pete nyingine, na bwana harusi hadi leo akimwona Bahiya hubadili njia.

Na yupo Wanu. Soma, Wanu, ushaapa.

Wanu hapendi kuambiwa "ndivyo ilivyo". Ukimwambia kitu, anataka sababu yake, na sababu akiikosa hapati usingizi. Shangazi yake, Bi Mwanapili, analima mwani Kiwengwa, na mwani wake mnene umekuwa ukilainika na kufa majini. Watu wanamwambia Bi Mwanapili kwamba bahari ina joto, basi. Wanu anataka kujua joto kiasi gani, linaua nini ndani ya mwani, na kama kuna kina ambacho ungepona. Ndiyo maana anautaka mchepuo wa sayansi Kidato cha Tatu. Hautaki kwa sifa. Anautaka kama mtu anavyotaka ufunguo wa chumba ambacho ndugu yake amefungiwa ndani.

Kila siku baada ya masomo hukaa kwenye ukuta wa tangi la maji na wale ambao hawakuelewa, nao huwa wengi. Wewe unatufundisha mchana, yeye anatufundisha jioni. Bila yeye, nusu yetu tungekuwa bado tunadhani kwamba x ni alama ya kosa. Mtu kama huyo darasa linamwamini. Hapo ndipo palipotuponza.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni umeme. Tunaiandika sentensi hii siku mbili kabla ya ujio wako, tukiwa na hakika kwamba utakuwa umekatika. Kama upo, tunaushukuru.

Changamoto ya pili: flashi yetu haina somo la kumi na tatu. Kwenye orodha linaitwa "Kuhakiki Jibu", lakini ukilifungua unakutana na kioo cheusi. Kwa hiyo sisi ni watu tuliofundishwa kutafuta jibu na hatukufundishwa kulirudisha ndani ya swali kuona kama linakaa. Tafadhali likumbuke hilo, tutalirudia.

Changamoto ya tatu ni somo la kumi na mbili.

Somo la kumi na mbili ni la kwanza lenye mabano. Uliandika ubaoni:

5(x − 3) = 2x + 6

Ukatuonyesha namna ya kuyafungua mabano, tano inavyomgusa kila aliye ndani, ukapata:

5x − 15 = 2x + 6

Hapo adhana ya alasiri ikasikika kutoka dirishani. Ukaweka chaki, ukatoka, na kamera ikabaki inautazama ubao. Tuliisikiliza adhana mpaka mwisho kwa adabu. Kisha Tahir, kwa kuwa hakuna mtu kwenye kioo, akapeleka mbele. Ukarudi, ukakohoa, ukaendelea. Na ubao sasa ulisema:

5x + 15 = 2x + 6

Ukaendelea bila wasiwasi hata chembe. Ukaivusha kumi na tano, ukapata 3x = −9, ukagonga chaki kiganjani ikavunjika, ukasema, "Basi x ni hasi tatu. Mmeona ilivyo nyepesi?"

Hatukuona ilivyo nyepesi. Wanu alinyoosha mkono. Mkono aliunyoosha kwa televisheni, mgeni rasmi, akakaa nao juu muda mrefu, mpaka Bahiya akamvuta kanzu.

"Alama ya kutoa imekwenda wapi?" Wanu aliuliza.

"Ishageuka," alisema Tahir.

"Nshaona. Nnauliza kwa nini."

Sasa, mgeni rasmi, watoto wa kwingine huenda wangesema, "Mwalimu kakosea," wakaenda zao kucheza. Sisi hatukulelewa hivyo. Mkubwa akisema jambo usilolielewa, unaanza kwa kuishuku akili yako. Mwalimu unamdhania mema. Wanu alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, na kwa kuwa ni mtu asiyekubali kukosa sababu, aliitengeneza. Alikuja kesho yake macho mekundu na uso wa furaha. Akatueleza kwamba alama ya kutoa ikitoka ndani ya mabano hupumzika mstari mmoja, kwa sababu bado ina uzito wa mabano, kisha ikishapumzika hugeuka. Alilieleza vizuri, tena kwa mifano. Lilikuwa zuri kuliko ukweli. Kheir akalipa jina, Kanuni ya Alasiri, na pale kwenye ukuta wa tangi la maji tukaifanyia mazoezi mpaka aliye mgumu kuliko wote akaishika.

Ukaja mtihani wa wilaya, ule wa kuchagua watakaoingia sayansi. Swali la mabano lilikuwemo. Tulicheka kwa furaha tulipoliona.

Hesabu nyingine zilitofautiana, kila mtu na riziki yake. Lakini kwenye swali lile, darasa zima, wenye akili na wenye bahati, tulikosa kosa moja, kwenye mstari mmoja, kwa alama moja. Msahihishaji alipoona hivyo alisema alichokisema, na jopo lako likayazuia matokeo yetu kwa shaka ya udanganyifu.

Wewe hukuja, mgeni rasmi. Uliwatuma watu wako wawili. Walitukalisha mbali mbali na kutuita mmoja mmoja.

"Nani alikupa jibu?" aliulizwa Tahir.

"Mwalimu."

"Mwalimu gani? Skuli hii haina mwalimu wa hisabati."

"Wa kwenye televisheni."

Yule bwana akamwambia amtoke mbele yake. Akaulizwa Kheir, akasema hivyo hivyo. Akaulizwa Bahiya, akasema hivyo hivyo na akaongeza kikohozi chako. Wakaona tumepanga kuwafanyia mzaha. Wakasema darasa hili ni jeuri, na kwamba jeuri ni dalili ya hatia.

Ndipo Wanu akasimama bila kuitwa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nliyewafundisha. Wao hawana kosa."

Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ikaeleweka vibaya kuliko uongo wowote. Waliondoka wakiamini wamempata mkubwa wa genge. Tukaarifiwa kwamba darasa litapewa onyo, na kwamba Wanu Mudrik hatafikiriwa kwa mchepuo wa sayansi. Majina yanafungwa mwisho wa wiki hii.

Maneno hayakai. Yalifika sokoni Mwanakwerekwe, ambako mama yake, Bi Nassra, anauza muhogo na viazi vitamu. Mteja mmoja alimwambia, "Nipimie sawasawa, Bi Nassra, maana hesabu za kwenu tushazisikia." Bi Nassra alimpimia, akamzidishia kipande, akafunga genge kabla ya adhuhuri. Alipofika nyumbani alimkalisha mwanawe, akamwambia, "Kama umeiba, nambie. Kama hukuiba, nambie vilevile." Wanu akamwambia hakuiba. Mama akasema, "Basi." Lakini tangu siku hiyo Bi Nassra hupita njia ya nyuma kwenda sokoni, na Wanu analijua hilo, na ndilo linalomuuma kuliko yote. Sisi pia linatuuma. Tunalisema wazi kwa kuwa yeye hatalisema.

Wanu akarudi kwenye kanuni yake. Alisema kama imetufikisha hapa, lazima aijue imetoka wapi. Akatuomba tulitazame somo la kumi na mbili upya, na akamwambia Tahir, "Leo usiruke."

"Hakuna kitu pale," alisema Tahir. "Ubao tu."

"Basi tutazame ubao."

Tukatazama ubao, mgeni rasmi. Adhana ikaisha. Ubao ukakaa pale na mlinganyo wako wa sawasawa, 5x − 15, na alama ya kutoa mahali pake. Sauti ya mtu anayeuza kahawa ikapita nje. Kheir akaanza kusinzia. Mara ukatokea mkono. Mkono tu, umevaa saa ya dhahabu, umeshika dasta. Mkono huo ukaufuta ubao wote, taratibu, kwa moyo safi, kutoka kona hadi kona.

Kisha ukaingia wewe. Mikono ya shati umeikunja, na maji ya udhu bado yanaonekana kwenye viwiko.

Sauti isiyoonekana ikasema, "Ubao nshakufutia, Mwalimu."

Ukasema, "Aa! Umefuta? Ahsante, haidhuru." Ukaandika upya kwa kumbukumbu.

Tahir aliiweka rimoti chini kama kitu kinachochoma. Wanu alichukua chaki, akaenda kwenye ubao wetu, akafanya lile ambalo hatukuwahi kufundishwa kwa kukosa somo la kumi na tatu: alilichukua jibu akalirudisha ndani ya swali. Aliitia hasi tatu. Upande mmoja ukatoka hasi thelathini, upande wa pili sifuri. Akaitia saba. Upande mmoja ishirini, upande wa pili ishirini. Alikaa chini akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Sisi tuliokuwepo hatujakubaliana.

Mgeni rasmi, swala yako Mwenyezi Mungu aikubali. Hatuna neno nayo. Mwenye mkono ule naye hatumtafuti, alikusudia wema. Kama yumo katika msafara wa leo, tunaomba apewe maji ya kunywa, na tunaomba watu wasitazame saa za wenzao.

Tulimwambia Wanu tupeleke habari kwenye jopo siku ile ile. Akakataa.

"Mwalimu aliyenifundisha simshitaki," alisema. "Tena mbele ya watu anaowaongoza? Atahizika."

"Na wewe?" Bahiya alimuuliza.

"Mimi nimeitunga kanuni. Mwalimu kakosea alama moja. Mimi nimemtafutia sababu."

Tulimbembeleza, tukamtisha, Kheir akamnunulia mkate wa mofa. Hakubadilika. Alisema mwalimu hasemwi nyuma ya mgongo wake.

Tukakaa tukalifikiri hilo neno, na tukaona lina mlango. Kama hasemwi nyuma ya mgongo wake, basi aletwe mbele. Tukaenda kwa Bi Bashira, tukamwambia chumba cha video kinahitaji kuzinduliwa, na kwamba hakuna anayestahili kukizindua kuliko mwalimu mwenyewe wa kwenye video. Bi Bashira alifurahi sana. Alisema kumbe tuna shukrani. Tunazo, mgeni rasmi. Usimtazame sasa hivi Mwalimu Mkuu, hakujua.

MAOMBI

Wanu, hapa ndipo ulipokuwa ukurasa tuliokuachia uuandike wewe. Tuliusoma. Ulikuwa umeandika kwa hati nzuri kwamba darasa lisamehewe na uadhibiwe wewe peke yako. Asubuhi tumeuchomoa tukabandika huu. Endelea kusoma, msoma risala haongezi wala hapunguzi.

Mgeni rasmi, tunaomba mwalimu wa hisabati mwenye mwili, atakayeona mkono ukinyooshwa. Wewe tunakupenda, lakini mkono wa Wanu ulikaa juu mpaka ukachoka.

Tunaomba ututengenezee upya somo la kumi na tatu. Na kama itawezekana, la kumi na mbili liache lilivyo, usilifute. Watakaokuja nyuma yetu walitazame lote bila kuruka, kwa sababu tumejifunza humo kuliko katika mengine yote.

Ombi la tatu ndilo tulilokuitia. Mbele yako kuna kitambaa cha kijani chenye kamba. Umeambiwa ukikivuta utaona kibao chenye jina lako na tarehe ya leo. Kibao kipo, Bi Bashira amekitengenezesha na ni kizuri, lakini tumekihamishia ndani kwa muda. Nyuma ya kitambaa kuna ubao wetu. Tumeandika mstari mmoja tu:

5(x − 3) = 2x + 6

Tunakuomba, Mwalimu, uumalize. Hatukulazimishi. Wewe ni mgeni wetu, na ukiamua kuvuta kamba, kupiga makofi na kwenda kunywa juisi ya ukwaju, tutapiga makofi nawe. Lakini ukiumaliza, likitoka jibu la hasi tatu, tutasema sote kwa sauti moja kwamba ndivyo tulivyofundishwa, na aliyetufundisha ni mwenyekiti wa jopo. Likitoka saba, tunaomba matokeo yetu yafunguliwe, swali lile tukoseshwe kwa haki kama watu waliokosea, na jina la Wanu Mudrik lirudi kwenye orodha ya sayansi kabla ya wiki hii kwisha. Tukose kwa ujinga wetu, Mwalimu. Kwa wizi hatukukosa.

Ukishamaliza, limebaki jambo dogo. Katika somo la kwanza kabisa ulisema, "Nitapaza sauti ili na wa nyuma asikie." Bi Nassra, mama yake Wanu, amekaa nyuma kabisa, karibu na lango, ili apate kutoka kabla watu hawajamsemesha. Amevaa kanga ya zambarau. Tunaomba umwambie mwanawe hakuiba. Umwambie kwa sauti ile ya somo la kwanza.

SHUKRANI NA DUA

Tunawashukuru wazee kwa kuja, mume wa Bi Bashira kwa televisheni yake, na Wanu kwa kutimiza kiapo. Tunajua sauti imemtetemeka mahali fulani. Tungesoma sisi, tungelia mapema zaidi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, Mwalimu, akuzidishie elimu, akulinde na makosa, na pale kosa linapopita kwenye ulinzi, akupe wanafunzi watakaokudhania mema kama tulivyokudhania sisi.

Tumekuwekea chaki za kutosha, maana ukifurahi utazivunja. Usiwe na haraka, jibu halina miguu. Tukikuamkia leo, tunaomba uitike mwenyewe, Tahir apumzike.

Dasta tumeificha.

Ni sisi wanafunzi wako ambao hukuwahi kutuona,
Kidato cha Pili B, Mpapaini.